Kidonge cha maji: watu wanagusisha maji hayatoki, au yanatoka halafu yanakata. Nimekosea wapi?

BombaLaMtaa (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni,

Mimi ni fundi wa elektroniki, redio, tivi, sola na vitu kama hivyo, nipo Singida vijijini huku. Mwaka huu jumuiya ya watumia maji ya hapa kijijini iliniomba niwatengenezee luku ya maji kwenye kituo kimoja cha kuchotea, yaani mtu anakuwa na salio lake, anagusisha, anachota, anaondoka. Zamani pale alikuwa anakaa dada mmoja na daftari na kopo la hela, sasa hesabu zilikuwa hazikai sawa na yeye mwenyewe alishachoka kukaa juani toka saa 12 asubuhi.

Basi nikachukua ESP32 (kikompyuta kidogo cha kuendesha mashine), rida ya RC522, yaani kisomeo cha kadi, ile ya buluu ya bei chee, vali ya umeme ya volti 12, kihesabio cha maji, sola na betri ya pikipiki. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha kwa hiyo salio linakaa kwenye tokeni yenyewe, zile za plastiki za kutundika kwenye funguo. Kijijini wameshazipa jina, wanaziita kidonge.

Nyumbani ilikuwa safi kabisa, nimegusisha mpaka mke wangu akaniambia nimeanza kuchanganyikiwa, haikukosea hata mara moja. Nimeipeleka kituoni, balaa. Kuna ambao wakigusisha haisomi kabisa, hasa wamama watu wazima. Kuna ambao inasoma ila wanakatwa hela ya ndoo na ndoo haijajaa hata nusu. Nilipanga hivi: kugusisha mara ya kwanza vali inafungua, mara ya pili inafunga, na ikisoma spika inataja salio kwa sauti. Rahisi tu, sio?

Mwenyekiti wa jumuiya anasema wananchi hawana elimu, tuitishe mkutano wa kijiji tuwafundishe. Mimi roho inakataa, naona kama kosa liko kwangu ila silioni. Naombeni macho yenu.

---

Volti12

Mkuu kabla hatujaenda mbali, boksi umetumia la nini? Na rida iko umbali gani toka kwenye uso wa boksi?

---

Chapati_Mbili

Mpaka maji sasa tunachota kwa chipu, kesho mtatuambia tupigwe muhuri kwenye paji la uso ndo tunywe 😂

---

BombaLaMtaa

@Volti12 boksi la bati mkuu, lile la mita ya umeme la zamani, kwa sababu ya wezi. Mlango wake nimetoboa dirisha nikaweka plastiki ngumu, rida iko nyuma ya plastiki. Nyumbani nilikuwa najaribu mezani bila boksi.

@Chapati_Mbili kachote kisimani basi, kamba ipo 😂

---

Volti12

Haya hapo ushajijibu nusu. Ile rida inarusha mawimbi ya megahetzi 13.56 na ule uwanja wa sumaku ndo unaoipa kidonge umeme, maana kidonge hakina betri, kinaishi kwa kile kinachopewa na rida. Sasa bati likikaa karibu na antena, sumaku inazungusha umeme ndani ya bati, na ule umeme unaipinga sumaku iliyouzaa, tena antena yenyewe inahama masafa yake. RC522 hata ikiwa hewani peke yake inasoma kama sentimita 3 au 4 kwa kadi kubwa, kwa kidonge chenye koili ndogo ni pungufu. Ukiizungushia bati la mlango unabakiwa na kieneo kama cha sarafu hapo katikati ya dirisha. Wewe unajua kilipo, bibi yako hajui.

Dawa: mlango wote uwe wa plastiki, bati libaki kwa nyuma, na rida iwe mbali na hilo bati kadiri inavyowezekana. Ukishindwa kabisa, zipo karatasi za feraiti, zile za kukinga sumaku isifike kwenye bati, zinabandikwa kati ya antena na chuma. Sema kuzipata huko Singida sijui, labda uagize.

---

Kona_Nne

Mkuu mwenyekiti mwambie asiitishe mkutano kwanza, hata Tokyo walipita hapohapo. Suica, ile kadi ya treni, ilizinduliwa 2001, lakini kabla ya hapo walihangaika na mageti miaka. Kadi ilikuwa inasoma vizuri tu, haikuhitaji hata kuguswa, inamaliza kazi ndani ya sekunde 0.2, shida ikawa watu. Wengine wanaipunga juujuu kama wanafukuza nzi, wengine wanaisimamisha wima, wengine wanatafuta pa kuiweka hawapaoni. Akapewa kazi mbunifu anaitwa Shunji Yamanaka, yeye hakuanza na semina, alitengeneza maumbo tofautitofauti ya ile sehemu ya kugusia akawapitisha watu akiwaangalia mikono. Mwisho wakabaki na kibao kinachowaka taa, kimeinamishwa kumwelekea abiria nyuzi 13.5. Kikilala flati mkono unapita tu, kikikuinamia mkono unakifuata na unatulia kidogo, na huko kutulia kidogo ndo rida ilikuwa inakuomba. Halafu matangazo yao yakawaambia watu "gusa", ingawa kugusa hakuna haja, kwa sababu ukimwambia mtu "sogeza karibu" kila mtu ana karibu yake.

Jambo la pili, hiyo sehemu ya kusomea haionekani kwa macho, hata wewe fundi unaikisia tu. 2009 kule Oslo, kwenye chuo cha usanifu cha AHO, Timo Arnall na wenzake walitengeneza kitu chenye taa inayowaka kikiingia tu kwenye eneo la rida, wakawa wanakisogeza gizani huku kamera imeachwa wazi, mwanga ukachora umbo lenyewe hewani. Ukiona zile picha unapata adabu, maana wote tulikuwa tunadhani ni duara zuri limetulia juu ya rida.

Wewe huhitaji kamera. Funga boksi lote kama linavyokaa kituoni, mlango umefungwa na komeo, chukua kidonge kimoja na chaki. Sogeza kidogokidogo, kila panaposoma weka nukta. Ukimaliza unganisha nukta, uone umewapa watu uwanja mkubwa kiasi gani. Halafu rangi uliyopaka mlangoni, iko juu ya hizo nukta au iko penye ulipoona panapendeza?

---

BombaLaMtaa

Aisee @Kona_Nne nimetoka kufanya sasa hivi na tochi. Nimechora mkono mkubwa mweupe katikati ya dirisha na neno GUSA HAPA. Nukta za chaki zimejikusanya upande wa chini kushoto, eneo halizidi kifuniko cha chupa ya soda, na nusu yake iko nje ya huo mkono 🤦🏾‍♂️ Rida niliifunga kwa gundi ikateleza kabla haijakauka, sikuangalia tena.

Ila hiyo inaelezea kutosoma. Kukatwa hela je?

---

Volti12

Toka mtu agusishe mpaka maji yatoke mdomoni mwa bomba inachukua muda gani?

---

BombaLaMtaa

Inategemea presha. Vali niliiweka kule ndani kwenye chemba ifungwe na kufuli, kwa hiyo bomba lote la huku nje likikauka inaweza kufika sekunde nne, tano.

---

Kona_Nne

Basi hapo umepatikana. Mtu amegusisha, haoni maji, sekunde tano mbele ya bomba kavu ni ndefu sana mkuu, anagusisha tena, na wewe ulishasema mara ya pili ni kufunga. Maji ndo yanafika, vali imeshafunga, yanatoka ya kulowesha ndoo, basi. Anagusisha ya tatu, anakatwa tena. Ukikaa mbali unaona kama mtu hajui kutumia, kumbe anafanya kile ambacho mimi na wewe tunafanya kwenye kitufe cha lifti.

Kitendo kimoja kisibebe maana mbili, hasa kama mtu hawezi kujua yuko kwenye ipi.

---

KangeMstaafu254

Hapa Nairobi hii maneno tunaijua vizuri. 2013 Google na benki ya Equity walileta BebaPay, unapewa kadi, unaweka pesa, unagongesha kwa simu ya makanga nauli inakatwa. Kadi ilikuwa inafanya kazi poa, siwezi danganya. 2014 serikali nayo ikataka matatu zote ziachane na pesa mkononi, kampuni zikajaa, kila moja na kadi yake, ya huku haisomi kule. 2015 BebaPay ikafungwa. Shida haikuwa mawimbi boss. Mimi nilikuwa kwa gari, pesa ya mafuta, ya chakula, ya kuosha gari, na zile zingine mnazijua, yote inatoka kwa mfuko wa siku hiyo. Ukinigongeshea kadi hiyo pesa inaenda kwa mwenye gari na mimi nabaki nikiangalia. Kwa hiyo abiria akitoa kadi, kimashine kimeharibika, kimeharibika tu kila siku.

Sasa nauliza, yule dada wa daftari yuko wapi saa hii? Ulimpa kazi ama ulimtoa?

---

UmuhuzaKGL

Naongezea kutoka Kigali. Hapa Tap&Go, kadi ya nauli ya basi, iko toka 2015 na watu walizoea haraka, lakini mjue kwamba konda alitoka kabisa, rida iko mlangoni karibu na dereva, unapanda unagusa hapohapo, hakuna mtu wa kumpa pesa hata ukitaka. Na dereva anasikia mlio, kwa hiyo mlio si wako peke yako, ni wa dereva pia.

---

BombaLaMtaa

@KangeMstaafu254 hapana, yule dada yupo, jumuiya wamempa kazi ya kuuza salio, ana kisimu cha kujazia vidonge, anakaa dukani kwake mita kama hamsini toka bombani. Ila kusema kweli kwenye kutengeneza hiki kitu sikumuuliza chochote.

---

MamaWaMapacha

Mimi sio fundi, nimeingia humu kwa sababu ya neno maji. Huku kwetu tunayo ya namna hiyo mwaka wa pili, naomba niseme ya kwetu sisi wachotaji.

Moja, hiyo rida umeiweka urefu gani? Nyie wanaume mnaweka vitu usawa wa kifua chenu. Mimi hapo nina mtoto mgongoni, ndoo naiweka chini ya bomba nimeinama, nainuka nagusisha, nainama tena niishike isipinduke, nainuka nifunge. Na anayetumwa maji mara nyingi ni mtoto wa darasa la pili, anafika hapo?

Mbili, huo mkono wa kugusisha umelowa. Kidonge kinateleza, kinaanguka kwenye tope, anayekiokota hukisafisha kwa kukipigapiga mlangoni. Usishangae.

Tatu, na hili ndo lililonifanya niandike. Toa hiyo spika inayotaja salio. Jamani unataka foleni nzima ijue nimebakiwa na shilingi hamsini? Na wale wenye elfu ishirini unafikiri watakosa wa kuwakopa hapohapo? Kwetu iliwekwa, kuna dada alikuwa anakuja kuchota usiku kukwepa ile sauti. Tuambie ndoo ngapi zimebaki, na utuambie kwa taa, nione mimi niliyesimama hapo.

Nne, ya kwetu hatugusishi tukaondoa. Kuna kikombe kidogo cha plastiki, kidonge unakiweka humo, kikiwa humo maji yanatoka, ukikitoa yanakata. Hata mwanangu wa miaka sita anajua. Ubaya wake mmoja tu, watu wanasahau kidonge wakishajitwisha.

---

Kona_Nne

@MamaWaMapacha heshima kwako dada, umemaliza kazi yote kwa kikombe. Kidonge kipo, maji yapo, kidonge hakipo, maji hakuna, mtu hahitaji kukumbuka yuko mara ya kwanza au ya pili. Na mkono hauna tena haja ya kulenga, kikombe ndo kinalenga. Kitobolewe chini maji yasituame tu.

Kwa kusahau, taa iwake na mlio ulie pole maji yakishakata na kidonge bado kimo, kama benki inavyokudai kadi yako.

---

Funguo_Saba

Mimi nitaharibu sherehe kidogo. Salio liko kwenye kidonge chenyewe, na hivyo vidonge vya bei chee karibu vyote ni MIFARE Classic, aina ya chipu ya zamani. Siri ya hizo kadi ilishavunjwa na watafiti wa chuo cha Radboud kule Uholanzi 2008, na leo mtu mwenye simu ya Android yenye NFC, yaani inayosoma kadi kwa kugusa, na programu ya bure, kama umeacha funguo zile za kiwandani (namba za siri za kadi), anasoma kila kitu na kujirudishia salio la jana. Kijana mmoja tu arudi likizo toka chuo, mmekwisha. Angalau badilisha funguo, kila kidonge kiwe na yake, na weka namba ya mfululizo inayopanda kila matumizi ili ESP32 ikumbuke ya mwisho iliyoiona. Kidonge kikija na namba ya nyuma, kikatae. Hilo linawezekana kwa sababu kituo ni kimoja.

La pili, wanaovuta kidonge haraka, unakuwa katikati ya kuandika salio jipya, umeme unakata, data inabaki nusu. Umeshapata vidonge vilivyokufa ghafla?

---

BombaLaMtaa

Vinne. Nikasema plastiki ya kichina.

---

Funguo_Saba

Plastiki haina kosa 😄 Andika salio sehemu mbili, ya kwanza ukaikague kwa kuisoma tena, ndo ugeukie ya pili. Ikikatika katikati moja itakuwa nzima. Na taa ya kijani iwake ukishamaliza kuandika, sio ukishamaliza kusoma, maana watu wanaondoa mkono pale wanapoona kijani, na wana haki.

---

BombaLaMtaa

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya cha wiki mbili, mvua zilikata barabara.

Nimefanya hivi. Mlango wa bati umetoka, nimekata ndoo ya rangi ya lita 20 nikatengeneza uso wa plastiki, umeinama kumtazama mtu, nyuzi 13.5 sijapima mkuu, nimeegemeza tu mpaka ikanikaa mkononi. Boksi limeshuka, sasa liko usawa wa goti la mtu mzima, pembeni ya pale ndoo inapokaa, hata ukiwa umeinama unafika. Kikombe nimekata kwenye kipande cha bomba la PVC, kimetobolewa chini. Vali nimeisogeza karibu na mdomo, nimeizungushia zege, mwizi aje na nyundo. Kidonge kikisoma inalia "ti" hapohapo kabla hata vali haijafunguka, halafu taa ndogo za kijani zinaonyesha ndoo zilizobaki, zikizidi kumi zote zinawaka, basi.

Salio linakatwa ndoo moja mwanzoni, ukitoa kidonge kabla ndoo haijajaa kile kilichobaki kinakusubiri kwenye mashine dakika tano kwa jina la kidonge chako. Hapo nimeumiza kichwa siku nne.

Sasa sikieni. Pamoja na hayo yote, siku ya kwanza kuna bibi mmoja ikawa inagoma. Kikombe kipo, kidonge anaweka, kimya. Nikabadilisha kidonge, kimya. Nikajaribu mimi kwa kidonge chake, "ti", inafanya kazi. Anajaribu yeye, kimya. Nikaanza kuamini mambo mengine kabisa.

Yule dada wa daftari alikuwa amekuja kuchota na yeye, kasimama kwenye foleni anatuangalia, akasema tu, "Bibi, fungua kwanza huo upindo."

Kumbe bibi kidonge chake hakitoi. Amekifunga kwenye pindo la kanga, fundo lile la kuwekea hela, na anazamisha fundo zima kwenye kikombe. Ndani ya fundo kuna kidonge na sarafu ya mia mbili imekilalia juu kabisa, na kila akinipa mimi kidonge anakifungua anakitoa. Nikamuuliza dada amejuaje, akasema wale wamama wote wanafunga hivyo, hata enzi za daftari alikuwa anawasubiri wafungue, ndo maana foleni ilikuwa inachelewa. Miezi mitatu nahangaika na antena!

---

Volti12

😂😂😂 Sarafu imekaa katikati ya koili na rida. Mkuu hiyo hata RC522 ya dhahabu isingesoma.

Sasa utawaambia wasifunge kwenye kanga?

---

BombaLaMtaa

Hapana, siwezi kushindana na kanga. Nimenunua kamba za viatu, kila kidonge kinatoka na kamba yake ya shingoni, dada anakifunga mwenyewe pale dukani anapokiuza. Wanakivaa ndani ya blauzi, wakifika wanakivuta, kamba inafika mpaka kwenye kikombe bila kuivua, na hapo hata kusahau kumepungua kwa sababu ukiinuka na kidonge bado kimo, kamba inakukaba.

---

MamaWaMapacha

Hiyo ya kamba naipeleka kwetu kesho. Na spika?

---

BombaLaMtaa

Nimeitoa dada. Kina mama wamefurahi, ila kuna mzee mmoja kakasirika kweli, anasema yule mwanamke wa kwenye boksi ndo alikuwa mtu pekee anayemwambia karibu asubuhi. Nimemwahidi nitamrudishia "karibu" peke yake, bila salio.